Miezi Tisa Darajani

Mheshimiwa Diwani, mwenyekiti wa kijiji, shehe wetu, Mzee Lekishon na jamaa zako mliotoka malishoni tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa, nanyi wapishi mnaochungulia hapo mlangoni, nawasalimu nyote. Wadogo, marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Mimi Bibi Mwaija niliishia darasa la pili, karatasi sina. Nimesimama kwa ajili ya mjukuu wangu, Sajini Awadhi, anayestaafu jeshi leo. Mtazameni alivyoinamisha kichwa kama bwana harusi aliyekimbiwa! Asubuhi nimemwambia, "Vaa nishani yako." Akanijibu, "Bibi, soko lilichomwa. Nivae ya nini?"

Wengine hamjui. Awadhi alikwenda na jeshi la kulinda amani kwenye mpaka wa nchi mbili za watu, akasimama darajani miezi tisa. Watu wa pande zote wakavuka kwenda sokoni, wakauziana, wakarudi makwao. Amri ikaja, wanajeshi wakaondoka. Mwezi haukuisha, soko likatiwa moto. Sasa nawasikia vijiweni hapa Handeni, "Walikwenda kulinda nini hao?"

Nyie mnaosema hivyo, miezi tisa mnaijua? Ni mimba nzima! Kuna watoto wanatembea leo kwa sababu baba zao hawakuuawa mwaka ule. Nani kati yenu amewahi kumzuia hata mlevi mmoja asimpige mkewe? Awadhi, baba, inua uso. Nishani utaivaa, nimekwisha sema.

Lakini na wewe una kosa. Nani kakudanganya kwamba anayesimama katikati ndiye anayepatanisha? Sikiliza ya hapa nyumbani, wewe ukiwa huko.

Tulipogombana na wafugaji, waliletwa askari wakae kwenye njia ya ng'ombe iendayo lamboni wanakonywa maji. Walikaa msimu mzima na hakuna aliyeinua fimbo. Na mimi nikafanya nini? Nikasema moyoni, askari wapo, Lekishon hatathubutu kunigusa. Nikapanda mistari mitatu ya mahindi ndani ya njia yenyewe. Askari wanapita, "Shikamoo bibi," naitikia marahaba, jembe linaendelea. Wao waliambiwa wazuie fimbo. Jembe la kikongwe nani angelizuia?

Walipoondoka, Keriako, mtoto wa Mzee Lekishon, akapitisha ng'ombe palepale alipopita baba yake miaka yote. Mkwe wangu akatoka na panga. Keriako akapoteza vidole viwili. Baraza lilipokaa, nikaapa kwamba ng'ombe ndio walioiacha njia.

Niliapa uongo.

Nyamazeni, sijamaliza! Shehe, usinitazame hivyo, nitakuja kwako baadaye.

Mzee Lekishon, nilikukosea wewe, na mwanao nilimkosea zaidi. Jumamosi asubuhi nayang'oa mahindi ya msimu huu mle njiani, yawe yamebeba au hayajabeba. Njoo na Keriako, anionyeshe njia ilipokuwa, achomeke vigingi mwenyewe, nami sitabisha hata kimoja. Mwenyekiti, baraza likae upya. Litakachonihukumu nitakitoa mbele za watu, kama nilivyoapa mbele za watu.

Na wewe Awadhi, nakujua, utataka kuja kusimama katikati yetu. Usije. Kazi yako uliifanya, mjukuu wangu, na uliifanya vizuri. Jumamosi wewe lala mpaka jua likuchome, maana iliyobaki ni ya kwangu na Mzee Lekishon.

Ahsanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunyamaza nilipowaambia mnyamaze.