Namba ya Mzee Rimoti

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga, kukarabati na kubembeleza mageti ya umeme, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina kamili lenye heshima zake zote. Lakini wateja, watoto wa wateja, na hata mhasibu wetu asiyejua utani, wote wanamwita Mzee Rimoti.

Alianza hapa kama mchomeleaji. Siku zile geti lilikuwa chuma, bawaba na komeo, na mwenye nyumba alishuka garini kulifungua mwenyewe hata mvua ikinyesha. Mageti ya mota yalipoingia, wenzake wengi waliyakwepa. Yeye aliichukua mota ya kwanza, akaifumua yote juu ya meza, akaiunganisha tena, ikafanya kazi vizuri, na skrubu tatu zikabaki mezani. Zile skrubu hajatueleza habari zake mpaka leo.

Utaratibu wake wa kazi ni mmoja, nasi sote tumeurithi. Geti likigoma, hakimbilii nyaya. Huzima umeme, huiachisha mota kwa ufunguo wake ili isilishike geti, kisha hulisukuma geti kwa mkono. Likiwa zito, ugonjwa uko chini: reli imejaa mchanga au gurudumu limekwisha. Likiteleza vizuri, ndipo anaanza kutafuta kwenye umeme. Waliowahi kubadilisha bodi nzima ya umeme kwa sababu ya kokoto moja iliyonasa kwenye reli wanajijua, na kwa kuwa leo ni siku ya furaha sitawataja, ila mmoja wao sasa ni msimamizi wangu.

Humo kwenye mageti amekuta mengi. Sisimizi waliohamia ndani ya bodi na ukoo wao mzima. Geti linalofunga nusu kisha linarudi, kumbe buibui amejenga mbele ya lile jicho linaloangalia kama kuna gari njiani. Kuna mama mmoja aliyeapa kwamba geti lake limerogwa, maana lilikuwa likifunguka lenyewe kila jioni. Mzee Rimoti alikaa naye barazani, akanywa chai yake taratibu, mpaka jirani mpya alipotoka kazini na kubonyeza rimoti, mageti mawili yakafunguka kwa pamoja. Alibadilisha mpangilio wa rimoti, akamaliza chai, akaondoka zake. Majirani wale siku hizi wanaachiana watoto.

Sasa nije kwenye kosa lake, maana hata wazuri wana lao. Mwanzoni karakana haikuwa na simu. Basi kila alipofunga mota, aliandika namba yake mwenyewe ndani ya kifuniko, kwa rangi nyeupe isiyofutika, akisema ni kwa wiki mbili tatu tu. Simu ya ofisi ikaja, rangi ikabaki. Namba ile ikaenea mjini kuliko tangazo lolote tulilowahi kubandika, na mteja aliyeizoea hakutaka kusikia habari ya namba nyingine.

Aliyebeba mzigo wa rangi ile ni mkewe, ambaye hapa tunamwita Mama Rimoti, naye ameshazoea. Likizo, wageni, chakula cha mchana cha Jumapili: simu inalia, mume anasimama, sahani inapoa. Kilele kilikuwa harusi ya binti yao. Baba kasimama mbele ya wageni, kashika kipaza sauti, anatoa nasaha kwa maharusi, mara simu hiyo. Aliyepiga ni daktari wa zahanati: umeme umekatika, geti limegoma, na gari la wagonjwa liko ndani na mgonjwa wake. Mzee Rimoti akaomba radhi, akapokea, na kwa haraka akasahau kushusha kipaza sauti. Ukumbi mzima ukafundishwa jinsi ya kuingiza ufunguo, kuuzungusha mpaka mota iachie, na kusukuma polepole bila hasira. Iliposikika kwamba gari limetoka, vigelegele vilivyopigwa vilizidi vya maharusi walipoingia.

Mama Rimoti naye alipiga makofi. Baadaye alimwambia mumewe, sisi tukisikia, kwamba amefurahi sana kwa ajili ya yule mgonjwa, ila anaomba kabla hawajazeeka wapate walau mlo mmoja wa pamoja unaofika mwisho. Tulicheka sote. Yeye hakucheka.

Ndiyo maana tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, kilichotuumiza kichwa hakikuwa zawadi, kilikuwa namba ile. Tuliwaagiza mafundi wakienda kwa wateja waipake rangi juu, waandike ya ofisi. Wateja wakaja juu. Bibi mmoja alifunga kifuniko cha mota kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Mzee Rimoti mwenyewe alisema tusijisumbue, ataendelea kupokea akiwa nyumbani, kwani aliyefungiwa nje haachwi. Mkewe alikuwepo siku hiyo. Alichukua mkoba wake, akatangulia nyumbani peke yake.

Sijui walizungumza nini nyumbani kwao. Ninalojua ni kwamba Jumatatu alikuja karakana bila nguo za kazi, shati limepigwa pasi, akatoa laini kwenye simu yake na kuiweka kwenye simu ya dawati langu. Mikono iliyozoea kutoa skrubu zenye kutu ilihangaika na kile kikadi kidogo. Akaniomba nisiiache ilie sana, kisha akageuka upesi kuelekea dirishani, na mimi nikajifanya ninatafuta kalamu. Sasa ana laini mpya, na wenye namba yake ni mkewe na watoto wao tu. Sisi tuliomba. Mama Rimoti alitukatalia huku akicheka, na hatukumbuki lini mara ya mwisho tulimwona akicheka vile.

Kwa niaba ya karakana nzima, asante, mzee wetu, kwa ufundi, kwa uvumilivu, na kwa kutufundisha kusukuma kwanza na kulaumu baadaye. Asante nawe, Mama Rimoti, kwa mume uliyetuazima miaka yote hii. Tunamrudisha akiwa mzima. Maisha yenu ya mapumziko yawe marefu na matamu. Kula ushibe, mzee wetu, usiinuke mezani. Simu inalia sasa hivi ninapoandika, na ninaipokea mimi.