Miguu Iliyomwagiwa Oili

Shikamooni wazee. Wenzangu, habari za Jumapili. Nimeambiwa nisimame nishuhudie, na nimeambiwa nisiwe mkali. La kwanza nitalifanya. La pili mniombee.

Mnanijua kwa kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanikalia vibaya, nikashika brashi. Vibao vya saluni, mabucha, madigadi ya bodaboda. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni akaniita. "Binti, huu ukuta unaotazama barabara, nichoree kitu cha mpunga." Nikachora mwanamke anapanda. Kainama jarubani, mtoto mgongoni, miche mkononi, kanga kaikunja juu ya magoti kama tunavyoikunja sisi sote tukiingia kwenye maji. Juu yake nikaandika: MPUNGA UNA MWENYEWE.

Ndugu zangu, nawaambia, rangi haijakauka maneno yameshafika sokoni. Bodaboda mmoja alizima pikipiki.

"Dada, huyo kapandisha kanga hivyo anaenda wapi?"

"Haendi. Anapanda."

"Anapanda mpunga au anatupandisha presha?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mzee mmoja nilimwamkia, hakuitikia. Akasema, "Miguu ya mama wa mtu haichorwi barabarani." Na msidhani ni wanaume tu. Mama mmoja, tena tunaimba naye kwaya, alisema nimejichora mwenyewe ili nijigawie shamba la mume wangu. Likashika hilo. Kijiweni wakamwambia mume wangu, "Shemeji katuonesha miguu yake, mfikishie shukrani." Akarudi nyumbani, hakuniangalia usoni. Alisema neno moja tu: "Futa."

Nikakataa. Siku ya nne asubuhi nikakuta picha imemwagiwa oili chafu, ile nyeusi ya gereji. Usoni haikuguswa. Ilianzia penye pindo la kanga, ikashuka. Aliyemwaga alilenga. Na leo yumo humu ndani. Simtaji.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka, na sikuangushwa na oili. Nilikwenda mwenyewe na ndoo ya chokaa nikamfuta yule mwanamke, yeye na mtoto wake. Maneno yalikuwa juu, sikuwa na ngazi, nikayaacha. Ukabaki ukuta mweupe unasema MPUNGA UNA MWENYEWE, na mwenyewe hayupo. Brashi nikazisukumia uvunguni. Vibao watu walivyokuwa wameniagiza, sikuvigusa. Wiki ile ile mwanangu wa miaka mitatu alichukua mkaa akachora ukutani, nikamchapa mkono. Alichora tu, jamani. Akauficha mkono nyuma, akanitazama. Hilo sijajisamehe.

Ndipo akaja mama mkwe wangu, kutoka Mchombe. Alishuka na kiroba chake cha mpunga wa kukoboa, akapita kwanza mashineni, kisha akaja kwetu. Mume wangu alikuwa anakula. Tukamwamkia. Hakukaa.

"Nani kanifuta?"

Nikamwambia, "Kakufuta wapi, mama?"

"Mchombe wote wanasema nimechorwa Kibaoni. Nimekuja kujiona, nakuta chokaa."

"Mama, sikukuchora wewe."

"Mguu wa kushoto ulikuwa na kovu?"

Ulikuwa nalo. Kovu la mundu, limepinda, chini kidogo ya goti. Nililichora bila kufikiri. Misimu mitatu nimepanda mpunga nyuma yake, nimeinama, mbele yangu naona miguu ile tu. Mkono wangu ulichora ulichokizoea. Watu wa Mchombe walilijua kovu. Mimi niliyelichora sikujua.

Akamgeukia mwanawe. Akakunja kanga pale pale. "Nasikia kijiweni wamekwambia hii ni miguu ya mkeo. Wao hawanijui. Wewe uliyelala mgongoni huku nikipanda, na wewe hukuijua?"

Mume wangu akarudisha tonge kwenye sahani.

"Aibu iko sehemu gani? Nioneshe nikaioshe."

Kesho yake asubuhi mume wangu aliazima ngazi, akaibeba begani, akapita nayo mbele ya kijiwe makusudi. "Vipi bro, siku hizi fundi?" Akasema, "Nampeleka mke wangu akamchore mama yangu." Wakatafuta pa kuangalia.

Mama mkwe akasimama mbele ya ukuta, watu wamejaa. Nawaambia ukweli, niliogopa tena. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kanga niishushe kidogo?"

Akanitazama kama nimeuliza maji yana rangi gani.

"Ukiishusha italowa."

Maneno hayajaisha. Juzi tu mtu ametema mate pale. Na ile oili, nimeipaka chokaa mara mbili na rangi mara tatu, bado inatokeza chini ya magoti. Nimeacha kupigana nayo. Wapita njia wanadhani ni tope.

Namshukuru mwenye mashine, wateja walimsema na hakunifukuza. Namshukuru mume wangu kwa ile ngazi. Mama mkwe yuko pale nyuma, hapendi kushukuriwa, mtazameni tu. Mwanangu nimempa ukuta wote wa jiko na mkaa wake.

Funzo langu si refu. Kila msimu miguu hii mnaiona jarubani, na hakuna anayegeuza uso. Wali ukiiva mnanawa mnakula. Ikipanda ukutani ndipo inakuwa uchi? Nimeambiwa nisiwe mkali, basi naishia hapo.

Na wewe wa oili. Watu wapo shambani wanapanda. Nenda kamsaidie mama yako, uwe nyuma yake, uiname kama yeye, uitazame miguu yake mpaka jua litue. Halafu njoo pale ukutani. Brashi ya pili ninayo.