Diski Iliyohamia Mbagala

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Bunju na wageni mliotoka mbali, mimi ni Isack Ansbert, mdogo wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Dokta Kokushubila Ansbert, kazi niliyoipokea Ijumaa nikiwa na hasira, na mtaelewa kwa nini.

Marehemu alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, tarehe 14 Aprili 1971 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, au tarehe 14 Aprili 1972 kwa mujibu wa shule, na aliagiza zisomwe zote mbili na kila moja itajwe ilikotoka, maana hakuamini tarehe isiyo na karatasi, hata ikitoka kwa mama yetu mzazi.

Alianza darasa la kwanza hukohuko Muleba mwaka 1979, akamaliza kidato cha sita mwaka 1992, akaja Dar es Salaam kusomea sayansi ya maji, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2004 akawa mhadhiri, ambapo kwa miaka kumi ya mwisho aliwafundisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu namna ya kutunza data za utafiti. Mliopita mikononi mwake mnajua, ukimpelekea faili uliloliita "ya mwisho", kisha "ya mwisho kabisa", kisha "ya mwisho kweli", alikurudisha ukaanze upya, na ukimwambia umepima kisima, alimpigia simu mwenye kisima. Alitaka nakala tatu za kila kitu, za mtandaoni hakuzihesabu kwa sababu alisema hajui nani ana funguo.

Alifunga ndoa na Bwana Benjamin tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili, Clara na Hope, na shemeji yangu huyu ndiye mchumba pekee ninayemjua aliyedaiwa cheti cha kuzaliwa kabla ya kukubaliwa.

Juni 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, lakini hakuacha kazi yake ya miaka tisa, vipimo vya chumvi katika visima 212 vya Mbagala na Kimbiji, ambavyo alisema vikipotea, watu wataendelea kunywa maji yale bila kujua. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, na jioni yake tukafungua kabati, diski ya vipimo haipo.

Kompyuta ilishaungua Desemba umeme uliporudi kwa nguvu, flash yenye nakala nyingine ilikuwa tupu, basi mimi nikamshuku Hamida, mwanafunzi wake wa uzamivu anayekaa Mbagala, aliyekuwa akija hapa Februari nzima na mkoba mkubwa, tena akiondoka haraka. Ijumaa, mbele ya waombolezaji, nilimwambia, "We binti, fungua huo mkoba," naye akaufungua, ndani mna kanga na chupa ya chai, akasema, "Shikamoo anko, mie Dokta kanikataza kusema mpaka daftari lake lisomwe." Nilimwita mwongo, na wengi wenu mlinisikia.

Jana Jumapili Clara amelipata daftari, na kwa kuwa marehemu alitaka kila kitu kitajwe kilikotoka, nalisoma kama lilivyo: "25 Januari 2025, flash imefutwa na Isack, ameweka video ya harusi ya binamu Loveness, kisha ameifuta na hiyo, amerudisha flash kabatini, hajasema. 3 Februari, diski imehamishiwa Mbagala kwa Hamida. Sababu: nyumbani yupo Isack."

Nilidhani hajui. Nimewashuku watu siku tatu kwa kosa lililokuwa mfukoni mwangu, na aliyekuwa akishukiwa ni mimi, kwa haki kabisa. Hamida, nisamehe, nimekosa mbele ya watu na nakuomba radhi mbele ya watu, na diski ibaki kwako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotuletea maturubai, viti na maji, wahadhiri wenzake, na wanafunzi wake wote, hata waliorudishwa.

Pumzika kwa amani, dada Koku. Vipimo vya visima vyote 212 vipo Mbagala, na mimi sijagusa kitu.