Yunia Kabugho, Mtunza Vitabu vya Rizavu

Mchungaji wa parokia yetu, shemeji yetu Tefiro pamoja na watoto, wazee wa Kyondo na wa Mahango, walimu na wakufunzi wa chuo, majirani wa Bwera, ndugu mliovuka mto Lhubiriha kutoka ng'ambo, na ninyi mliotoka Kasese na Fort Portal, familia imenituma mimi, Yafesi Katembo, mdogo wake marehemu, niwasomee habari za maisha yake, na imeniomba niwasomee kwa Kiswahili, kwa sababu nikisoma kwa Lhukonzo, lugha yetu, nusu yenu mtabaki mkitazama mdomo wangu tu.

Yunia Kabugho alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 katika kilima cha Kyondo, akiwa binti wa tatu wa marehemu baba yetu Eridadi na marehemu mama yetu Edisa, wakulima wa kahawa na mihogo, na jina la Kabugho, kama wote mnavyojua, ndilo jina la binti wa tatu. Alibatizwa mwaka 1937, akaanza shule ya kanisa mwaka 1944, akiwa msichana mmoja kati ya wavulana ishirini na saba, akaendelea hadi darasa la sita, kisha akapelekwa Fort Portal, ambako alimaliza masomo ya kati mwaka 1953 na kupata cheti cha ualimu mwezi Desemba 1955. Alifundisha Kyondo na baadaye Mahango, na huko Mahango ndiko alikoonana na Tefiro Masereka, wakafunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1958, mvua ikinyesha toka asubuhi mpaka wageni wakalala. Mungu aliwajalia watoto wanne, Eridadi mwaka 1959, Edisa mwaka 1962, Kellen mwaka 1965, na mtoto wa mwisho, ambaye alichukuliwa na surua mwaka 1968 kabla hajatembea.

Vurugu za milimani zilipofunga shule nyingi, familia iliteremka kuishi hapa Bwera, na tarehe 10 Februari 1964 Yunia aliajiriwa katika chuo cha ualimu kuwa mtunza maktaba, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano, katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, meza sita na rafu tisa. Rafu ya tisa, ile iliyokuwa nyuma ya meza yake, wanachuo waliiita Rizavu, na kwa kuwa wengi wenu hamkusoma pale, ni haki nieleze ilikuwa ya nini, maana marehemu aliishi kwa ajili ya rafu ile.

Vitabu vilikuwa vichache na wanachuo wengi, nakala moja kwa watu arobaini, na mtu mmoja akiichukua kwenda nayo bwenini, thelathini na tisa hawasomi, kwa hiyo wiki tatu kabla ya muhula kufunguliwa kila mkufunzi alipaswa kuleta fomu yenye jina la kitabu, sura ambazo darasa lake litasoma, kama ni mali ya chuo au ni yake mwenyewe, na muda ambao mwanachuo ataruhusiwa kukaa nacho. Yunia alibandika karatasi nyekundu mgongoni mwa kila kitabu, akakiweka katika rafu ya tisa, na tangu hapo hakikutoka mlangoni, mwanachuo alisaini daftari, akasoma saa mbili palepale mezani, akakirudisha, akaja mwenzake. Mkufunzi aliyeleta fomu bila kutaja sura alirudishiwa fomu yake, na wapo wawili hapa leo wanaocheka kwa sababu wanakumbuka alivyowaambia, "Mwalimu, watoto watameza kitabu muzima kwa saa mbili?" Kitabu kilichokaa mihula miwili bila kusainiwa na mtu alikiondoa, akamwandikia mkufunzi kwamba nafasi yake inatakiwa.

Katika miaka hiyo kumi na mitano hapakupotea kitabu hata kimoja cha rizavu, lakini liko jambo moja la mwaka 1974 ambalo marehemu alitaka lisomwe siku hii, na alitaka lisomwe lote, pamoja na pale alipokosea.

Mwaka huo katika darasa la mwisho alikuwamo mwanachuo aitwaye Adong, mzaliwa wa kaskazini, mke wa koplo aliyekuwa katika kambi moja mjini Kasese, na tarehe 11 Septemba Adong alijifungua mapacha wa kike, Apiyo na Acen, mmoja akiwa dhaifu sana, chuo kikamruhusu asome akiwa nyumbani, mradi afike kwa mtihani wa Jumatatu tarehe 25 Novemba. Somo lililomtisha lilikuwa mbinu za kufundisha watoto kusoma, na kitabu chake kilikuwa kimoja tu chuo kizima, mali ya mkufunzi Mugenyi, ambaye alikinunua alipokuwa masomoni Kampala, na mwaka ule vitabu vya kuagiza havikuwa vikija tena, na juu ya fomu ya kitabu hicho Mugenyi alikuwa ameandika kwa mkono wake, kisitoke nje ya maktaba.

Jumatatu tarehe 23 Septemba koplo aliingia maktaba akiwa na sare na bunduki, akasimama mbele ya meza na kusema, "Mama, lete kitabu ya bibi yangu. Hii ni amri." Yunia hakuinuka, alimjibu, "Afande, amri yako iko kambini. Hapa iko daftari na saa mbili. Ukitaka kusoma, kaa." Koplo akashusha sauti, akasema, "Mama, bibi yangu nalia. Mtoto moja hanyonyi, kitabu hakuna. Mimi nitaambia yeye nini?" Yunia akamwambia sheria ni sheria, koplo akaondoka, na wanachuo walimsifu marehemu siku ile kwa ushujaa wake, lakini yeye aliporudi nyumbani hakula, alituambia kwamba kumkatalia askari hakukumuumiza hata kidogo, kilichomuumiza ni kwamba alimkatalia mzazi mwenye mtoto mgonjwa kwa sauti ileile.

Kesho yake alikwenda kwa mkufunzi Mugenyi, na watu wanajua kwamba miaka ile Mtoro, yaani mtu wa kabila la Toro kama Mugenyi, na Mkonzo kama dada yetu hawakuombana hata moto, wawili hao walifanya kazi pamoja miaka kumi wakisemezana Kiswahili tu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuanza kusema lugha ya mwenzake. Alimwomba ruhusa ya kukipeleka kitabu Kasese kila Jumamosi, yeye mwenyewe, na kukirudisha. Mugenyi alikuwa amewaazima watu vitabu viwili mwaka 1969 ambavyo havijarudi hata leo, akasema, "Mama Kabugho, ni wewe ulitufundisha sheria hii. Sasa ni wewe unaivunja?" Naye akajibu, "Siivunji, mwalimu. Uliandika kisitoke maktaba. Maktaba ni nini? Ni mutu na daftari. Nikikaa mbele ya kitabu saa mbili, anasaini, anasoma, ninakirudisha, hapo iko maktaba." Mugenyi alikaa na maneno hayo siku mbili, na Alhamisi aliichukua ile fomu, akafuta alichokuwa ameandika, akaandika, kisitoke mikononi mwa mtunza.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1974 Yunia alipanda basi la alfajiri hapa Bwera, akiwa na kitabu ndani ya kitambaa cha meza, daftari, na saa ya mezani aliyokuwa akiitumia maktabani, likapita Kikorongo, likangoja tembo wavuke barabara, akafika Kasese saa tatu, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya koplo, akampa Adong kitabu, akampakata Acen, yule dhaifu, na saa mbili zilipotimia akakichukua, hata kama sentensi ilikuwa katikati. Alikwenda tena tarehe 12. Shemeji Tefiro alikuwa akimtania kwamba ameoa maktaba yenye miguu, ila tangu mwanzo hakupenda safari zile, na wengine wetu katika familia, na huyu anayewasomea akiwamo, tulimwambia aache, kwa kuwa miaka ile mtu alipoingia katika lango la kambi, waliobaki nyumbani walihesabu saa.

Jumamosi ya tatu, tarehe 19 Oktoba, walinzi wa langoni walikuwa wageni, na mmoja wao akamsimamisha, "Simama! Nini hiyo kwa mufuko?" Akasema ni kitabu. "Kitabu ya nini?" Akasema ni cha kufundisha watoto kusoma. Mlinzi alikichukua, akaingia nacho katika kibanda, akatoka mikono mitupu, akamwambia aende nyumbani, na Yunia akasema, "Nitaenda nacho," akakaa juu ya jiwe mbele ya lango, saa tatu u nusu asubuhi. Walimwambia aondoke, akasema hawezi, kitabu si chake. Jua lilimpiga, watoto wa kambi wakamletea maji, basi la kurudi Bwera likaondoka bila yeye, na ilipofika saa kumi na moja jioni sajini mmoja alipita akauliza mama huyu anangoja nini, akaambiwa, akaingia kibandani mwenyewe, akarudi na kitabu. Karatasi nne zilikuwa zimechanwa, ukurasa wa sitini na moja mpaka wa sitini na nane, walinzi walikuwa wamezisokotea tumbaku. Yunia aliingia kwa Adong, akafungua daftari, Adong akasaini, akasoma saa zake mbili, alipofika ukurasa wa sitini akaruka mpaka wa sitini na tisa.

Jumapili alirudi juu ya lori la chumvi kutoka Katwe, na hakupita nyumbani kwanza, alikwenda moja kwa moja kwa Mugenyi, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, kitabu chako nimekiharibu." Alisema nimekiharibu, hakuwataja askari, mpaka Mugenyi alipomuuliza mara tatu ndipo akaeleza. Yunia alikuwa amejiandaa kufukuzwa kazi, na alikuwa amejiandaa kutukanwa kwa kabila lake, haya alituambia mwenyewe. Mugenyi alifunua mahali palipochanwa, akapapasa kwa kidole, akaomba mkewe alete karatasi na kalamu, akaketi, akaanza kuandika. Alikuwa amefundisha sura ile miaka kumi na mmoja. Aliandika mpaka taa ikawashwa, kurasa nane kwa mwandiko mdogo, na mahali pawili aliacha mstari mtupu na kuandika pembeni, hapa nimesahau. Alipomkabidhi alisema kwa Lhukonzo, tena Lhukonzo kizuri, "Wasingya, mama," yaani asante.

Yunia alizibandika karatasi zile kwa gundi ya unga wa muhogo, na Jumamosi iliyofuata alikuwa tena ndani ya basi, akaenda tarehe 26 Oktoba na tarehe 2, 9 na 16 Novemba, ingawa tarehe 4 Novemba uongozi wa chuo ulimpa barua ya onyo kwa kutoa mali ya rizavu nje ya majengo, barua ambayo hakuipinga, kwa kuwa alisema imeandikwa sawasawa. Adong alifanya mtihani wake, na matokeo yalipotoka mwezi Februari 1975 alikuwa amefaulu, na kama swali lolote lilitoka katika zile kurasa nane hatujui, hakuna aliyeuliza. Tangu mwaka huo, fomu ya rizavu ya chuo ina mstari mmoja zaidi, uliopendekezwa na Mugenyi katika mkutano wa wakufunzi, nao unauliza, je, yuko mwanachuo wa darasa hili asiyeweza kufika maktaba, na mkufunzi asiyeujaza hurudishiwa fomu yake.

Marehemu alianza kuugua mwezi Juni 1977, miguu ikavimba, akatibiwa shinikizo la damu, akapata nafuu, akarudi kazini akiwa anapanda kilima cha chuo kwa kupumzika mara nne. Mwezi Machi mwaka huu 1979 figo zikaonekana zimechoka, vita vikafunga barabara, dawa zikakosekana, na ilikuwa mwezi Mei tulipoweza kumfikisha hospitali ya misheni, ambako alilazwa mara mbili, na huko alifariki Jumanne tarehe 14 Agosti 1979, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mume wake akiwa ameushika mkono wake.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa hospitali, ambao walimhudumia hata siku ambazo hawakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa maji na maneno mema, inawashukuru vijana wa Bwera waliomteremsha kwa machela mpaka barabarani katika tope la mwezi Mei, inawashukuru akina mama wa kanisa waliopika nyumbani kwake tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzake wote wa chuo. Tunamshukuru mkufunzi Mugenyi, aliyetoka Fort Portal jana juu ya lori. Tunamshukuru Adong, ambaye mume wake hajulikani alipo tangu mwezi Aprili, na ambaye hata hivyo amekuja na binti zake wote wawili, ndio hao waliokaa karibu na jeneza, Acen ni yule mrefu zaidi. Adong sasa anafundisha darasa la kwanza, watoto sitini na wawili, hawamjui Yunia Kabugho na hawakuwahi kumwona, na Jumatatu asubuhi watafungua midomo na kusoma.

Dada yetu, mke, mama, nenda kwa amani, ukapumzike kwake aliyekuumba.