Bi. Gerlinde Hufnagel na Glasi Aliyomtafutia Ortwin

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kuonjea cha kiwanda chetu cha divai cha Brackenthal, hapa kando ya mto Rhine, Bi. Gerlinde Hufnagel anastaafu. Kamati imeniomba niandike habari zake, tena niwe mchangamfu. Nitajaribu.

Chumbani kwake hakuingia mtu aliyejipulizia manukato. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Landgraf, aliwahi kutimuliwa: "Toka na marashi yako, bwana, unanuka kinyozi mzima!" Akatoka, tena mbio.

Lakini kazi tunayomshukuru kwayo leo ilianzia nyumbani kwake. Mumewe, Ortwin, alikuwa fundi wetu wa mapipa, na pombe ilimshika. Tusidanganyane, kazi yetu ina hilo. Tumezika wenzetu, tukasema ni ini, tukasema ni moyo, na jina la ugonjwa wenyewe tukalimeza. Daktari alimwambia Ortwin akiendelea atakufa. Akaacha.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka ule, wakati wa kutakiana heri, aliinua glasi ya maji. Kwetu, kugonganisha glasi ya maji ni kumtakia mwenzio kifo. Mikono ikarudi nyuma. "We Ortwin, weka chini hiyo, unatuzika!" mmoja akatania, tukacheka. Ortwin naye akacheka, kisha akaenda kusimama peke yake mlangoni. Gerlinde aliona, na ilimchoma sana.

Ndipo akaanza kutengeneza divai ya mapovu isiyo na kileo. "Gerlinde, hiyo ni harusi bila bibi harusi!" Landgraf akamkejeli.

"Wewe baki na bibi harusi wako. Mimi namtafutia mume wangu kinywaji."

Kileo kikitolewa, harufu nzuri huondoka nacho, na zile za kwanza, jamani, zilikuwa juisi ya tufaha iliyochacha. Hakukata tamaa. Mwaka wa tatu akapata iliyotubabaisha waonjaji wote: kavu, yenye mapovu madogo madogo na harufu ya mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Tulishangilia. Landgraf akataka iuzwe Krismasi hiyo hiyo.

Ortwin alionja funda moja. Akaiweka glasi mezani, akaisukuma mbali. "Mke wangu, hii ni yenyewe kabisa. Siwezi kukaa nayo nyumba moja."

Hiyo ndiyo divai inayotupatia sifa mpaka leo, na Gerlinde hakuwahi kujivunia. Alianza upya, safari hii bila kuiga divai: maji ya zabibu mbichi, chai nyeusi kidogo, ukali unaokaza ulimi, kisha mapovu. Ortwin akamaliza glasi, akaomba nyingine, akaenda zake kulala. Gerlinde alitusimulia hayo asubuhi yake huku akilia.

Ortwin hajagusa kileo kwa miaka kumi na miwili.

Dada yetu Gerlinde, asante. Umetufanyia jambo ambalo wengi wetu hatukuwa na ujasiri hata wa kulitaja. Pumzika kwa raha na afya, ukanywe unachopenda, pasipo mtu wa kukuuliza maoni yako.

Alhamisi, kwenye hafla ya kumuaga, glasi zote zitajazwa kinywaji hicho cha pili, pamoja na ya Bwana Landgraf. Ortwin ameomba ainue ya kwanza. Tafadhali asikose hata mmoja wa kugonganisha naye.