Mgongo wa Muhanji na Kamba ya Fahali

Benchi la Awinja, muuza kahawa kando ya barabara ya Khayega, ni bunge la wasio na kazi: mshahara hakuna, lakini kikao hakiahirishwi. Asubuhi hiyo Muhanji alifika akichechemea, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukimvuta Bulldoza, fahali wake ambaye Jumamosi angepigana uwanjani. Akamfunga kwenye mpera nyuma ya kibanda, akapokea kahawa amesimama. Maumivu angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni nani angemwongoza Bulldoza mbele ya umati.

— Daktari anasema diski ya mgongo imechomoza, imekalia mzizi wa neva. Ndiyo maana mpaka kidole cha mguu kinawaka moto.

— Kidole na mgongo wapi na wapi? akaruka Wekesa, fundi wa baiskeli, jina la kijiweni Spana. Hizo ni viatu zinakubana!

— Spana, shut up, akasema Osiako, waliyemwita Prof ingawa digrii yake ya kemia ilikuwa imefunika mtungi wa maji kwa mama yake. Hii ni basic science. Waya ukibanwa huku kwa nguzo, taa inazima kule kwa nyumba.

— Kumbe digrii yako ni ya stima?

— Ni ya kukaa na nyinyi. Miaka minne nilisomea huu ujinga.

— Basi ni kama tyubu imetokeza kwa tairi kuukuu, Spana akasema. Unatoanga upepo kidogo, unairudisha ndani.

— Upepo utanitolea wapi, Spana? Muhanji akauliza, akiziba suruali kwa nyuma kwa mikono miwili.

Awinja nusura aangushe birika.

— Hapana, tunamnyoosha, Prof akaamua. Pengo likipatikana, diski inarudi kwao yenyewe. Lala hapa, buda.

— Na Jumamosi nitakimbia na Bulldoza?

— Utakimbia mpaka ng'ombe aombe maji.

Hilo tu ndilo Muhanji alitaka kusikia. Akajilaza chali. Spana akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi na kamba nene, akamfunga mguu kwenye nguzo. Prof akamshika makwapani.

— Vuta!

— Woi, mayi!

Mgongo ukalia ko! Hapo ndipo Mwanamisi, mgeni kutoka Mumias, aliposimama mbele ya kibanda.

— Asalaam aleikum. Samahani, yule fahali mweusi anayekimbia kuelekea sokoni bila kamba, ni wa nani?

Macho yote yakashuka polepole kwenye ile kamba. Muhanji akajaribu kuinuka; mgongo ukakataa, fundo likakataa.

— Prof, akasema, akitazama mabati ya paa. Wewe na basic science yako, kimbieni.