Nguo ya Mtu Aliyekaa

Wa salamu aleikum na wa Bwana asifiwe, nawasalimu nyote. Mwenyekiti wa mkutano wetu huu wa wagonjwa na wanaotuuguza ameniambia nije nisimame mbele. Nimemjibu, mbele nitakuja, lakini kusimama ndiyo hapana. Kwa hiyo mnivumilie, nitasema nikiwa nimekaa.

Mimi nimezaliwa Logiri, nikaolewa Koboko. Nilikuwa nauza samaki wakavu sokoni Koboko. Nilikuwa nakuja kuwachukua hapa Arua, kisha napanda juu ya lori pamoja na magunia, narudi nyumbani. Siku moja njia ilikuwa tope tupu. Lori likateleza, likalala ubavu, na sisi tukamwagika pamoja na mizigo. Nilipozinduka, mama mmoja nisiyemjua alikuwa amenishika kichwa. Nikamwambia, "Nitolee gunia kwenye miguu, linaniumiza." Akanitazama, akasema polepole, "Dada, hakuna gunia."

Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyojua.

Hospitalini waliniambia uti wa mgongo umeumia na miguu haitarudi. Nikarudishwa nyumbani Koboko kama mzigo. Mume wangu alikuwa dereva, akaenda Juba kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Halafu simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Sitamsema vibaya hapa, sijui yuko wapi.

Aliyebaki na mimi ni wifi yangu, dada yake huyo mume. Yeye ndiye aliyeniogesha, akanigeuza, akaniosha vidonda vya kulala. Asubuhi ananivalisha, ananiwekea maji karibu, anaenda kuuza mboga. Mimi nabaki natazama mabati. Nzi akitua mguuni namwona, simsikii. Mvua ikiingia kwa mlango natazama tu maji yanavyokuja. Wenzangu mliowahi kulala hivyo mnanielewa, na ninyi mnaotuuguza pia mnaelewa, kwa sababu mnaona macho yetu.

Sasa niwaambie siku iliyokuwa mbaya kuliko ile ya lori. Nilisikia watu wa kanisa watakuja kuniombea. Wifi alikuwa sokoni. Nikasema, leo watanikuta na gauni safi, na nitalivaa mwenyewe. Nikavua la zamani kwa taabu. Lile jipya lilikuwa la kitenge, limebana, zipu iko mgongoni. Nikaliingiza kichwani, likafika mabegani, likakwama. Mikono juu, uso ndani ya kitambaa, mwili wote wazi. Nikivuta, linakaza. Nikaanguka ubavu kitandani, nikashindwa kujiinua.

Halafu nikasikia, "Hodi! Hodi, mama!"

Walikuwa wao. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nilizuia pumzi ndani ya lile gauni, nikaomba wasiingie. Walibisha tena, mmoja akasema, "Pengine amelala, tumuache." Wakaniombea palepale nje, nikiwasikia, kisha wakaenda. Mimi nikabaki vilevile mpaka wifi aliporudi.

Akanitoa. Hakucheka, hakuuliza. Nikamwambia, "Nipe makasi."

Akarudi nyuma. "Makasi ya nini?"

"Nipe tu."

"Sikupi. Wifi, usinifanyie hivyo. Na mimi nitabaki na nani?"

Nikaelewa anaogopa nini. Nikamwambia, "Ninataka kukata gauni. Kaa hapa, unishike mkono ukitaka." Akakaa, na kweli alinishika mkono wa kushoto. Nikalikata lile gauni mbele, toka shingoni mpaka chini. Wifi alilia. Kilikuwa kitenge kizuri, nami nikakiharibu kabisa.

Kesho yake akamwita fundi mmoja, mama wa Kongo anayeshona karibu na soko, alitengeneze. Yule mama akalishika, akaligeuza huku na huku.

"Nani alikufundisha kukata hivi?"

"Hakuna mtu."

"Inaonekana. Umekata mubaya." Kisha akanitazama nilivyokaa, nimeegemea ukuta. "Lakini wazo yako iko muzuri. Sisi tunapima mutu akisimama. Weye husimami. Sasa kwa nini tunakushonea ya kusimama?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo. Kuanzia pale akawa anakuja jioni akishafunga kazi. Cherehani ya miguu nisingeiweza, akaniletea ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa. Nawaambia, nilitukana ile cherehani! Mshono ulikwenda kama nyoka. Nilishona mkono wa gauni nikaufunga kwenye shingo. Asipoweza kuja, alinitumia video kwa simu ya wifi, naona vidole vyake tu na kusikia sauti yake, "Fungua. Rudia."

Tulifikiri pamoja. Mtu aliyekaa, nyuma yake inataka kitambaa kirefu, mbele kifupi. Mshono usipite pale anapokalia, maana pale ndipo kidonda kinapoanzia. Pafunguke mbele, pafungwe kwa kamba ambazo mkono mmoja unaweza kuzifunga, ule mwingine ukiwa umemwegemeza.

Siku gauni langu lilipokwisha, nilimwambia wifi atoke nje. Nikalivaa. Nikafunga kamba. Nikamwita, "Ingia." Akasimama mlangoni. Kisha akaenda kuketi jikoni, nikamsikia analia tena, na safari hii nikamwacha alie.

Baadaye jirani akaniomba nimshonee mama yake aliyepooza upande mmoja. Halafu mwingine, toka Manibe huku Arua. Ndiyo kazi yangu sasa, naifanya kitandani.

Lakini sitawadanganya. Miguu haikurudi. Leo nimebebwa kuingia humu, na nitabebwa kutoka. Kidonda kikifunguka nalala kifudifudi, cherehani inakaa na vumbi, na ninakuwa yule yule wa mabati. Ziko asubuhi ambazo kuvaa nguo ndicho kitu pekee ninachokiweza, na baada ya hapo siku nzima inanishinda.

Namshukuru yule fundi, mgeni asiye na undugu nami. Nawashukuru waliosali mlangoni, hawakujua. Na wifi yangu, amekaa pale nyuma, ameinamisha kichwa maana hapendi kutajwa. Kaka yake aliondoka, yeye hana lililomfunga kwangu, na bado yuko.

Jambo langu kwenu ni moja. Mkienda kumtazama mgonjwa, msimwambie tu avumilie. Kuvumilia anakujua kuliko ninyi. Muulizeni leo anataka kujaribu nini kwa mikono yake. Na akiomba kitu cha kuwatisha, msikimbie. Kaeni karibu, mumshike mkono mmoja, mumwachie ule mwingine.